Ngumi Chini ya Kitambaa

Mtoto huzaliwa na mama mmoja, lakini hakuzwi na mama peke yake. Kuna mkono unaompikia uji, mkono unaomshikisha kalamu, na hata mkono wa jirani unaomvuta kando bodaboda inapopita kasi. Wazee waliliona jambo hili zamani, wakalifupisha: mkono mmoja haulei mwana. Leonida alikuwa ameisikia methali hiyo tangu utotoni na aliijua kama alivyojua jina lake. Kuiamini ndiko kulikomshinda.

Aliishi na binti yake, Musimbi, katika chumba kimoja cha mabati mtaani Huruma, mjini Eldoret. Kila asubuhi, baridi ikiuma kama siafu, alikwenda kwa miguu hadi mtaa wa kitajiri wa Elgon View kuwafulia watu nguo. Mumewe alipofariki, shemeji yake, Mabonga, alisimama matangani akasema mbele ya watu wote, "Shemeji, huyu mtoto hutamweza peke yako. Mlete kwangu awaangalie wanangu wadogo. Mambo ya shule tutaona baadaye."

Leonida aliinua mikono yake iliyochubuliwa na sabuni. "Unaiona hii? Inatosha. Binti yangu atasoma, na sitamwomba mtu hata chumvi."

Maneno hayo yakawa kiapo. Lakini kiapo hakipikwi kikaliwa.

Musimbi alipoingia Gredi ya Sita, kiapo cha mama yake kilianza kumlemea yeye. Kila Jumatano kulikuwa na somo la upishi kwa vitendo. Wanafunzi waliagizwa waje na mayai, unga na mafuta, kila mtu vyake. Mwalimu wao, Jerop, alikuwa kijana mwenye bidii ya mchwa, na aliweka sheria moja: asiyekuja na vifaa asimame nje ya darasa awatazame wenzake. Aliamini kwamba kwa njia hiyo alikuwa akiwafunza uwajibikaji.

Musimbi alisimama nje siku moja tu. Tangu asubuhi tumboni mwake hamkuwa na kitu ila chai ya rangi, na harufu ya chapati za maji ilipomfikia pale dirishani, aligeuza uso ukutani. Alirudi nyumbani macho yakiwa mekundu kama pilipili. Leonida hakuuliza mengi.

"Jumatano ijayo utakaa nyumbani," alisema. "Nitatuma ujumbe kwamba unaumwa."

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyoanza. Jumatano ilipofika, Sumeya, binti wa jirani yao Shamsa mwenye duka, alitumwa kumwambia mwalimu kwamba Musimbi ana malaria. Iliyofuata, ni tumbo. Nyingine, ni malaria tena. Alhamisi Musimbi alirudi shuleni akiwa mzima kama kigongo, na Ashley, ambaye baba yake alikuwa na duka la vipuri vya magari mjini, alimpokea kwa makofi.

"Jamani, mgonjwa wa Jumatano amefufuka!"

Darasa likaangua kicheko. Musimbi aliyekuwa akiinua mkono kabla swali halijaisha akaanza kujikunyata kwenye dawati kama kifaranga aliyenyeshewa. Na tathmini ya upishi ilikuwa njiani. Ambaye hangepika siku hiyo hangekuwa na alama. Leonida alilijua hilo, na usiku alisikia sauti ya Mabonga masikioni: hutamweza peke yako.

Jumatano moja alasiri, mama na binti walikuwa nje ya chumba chao wameinamia beseni, wakimalizia nguo ambazo Leonida alikuwa amezibeba kutoka kazini. Mara wakasikia wimbo wa kanisani ukiingia langoni mwa ploti yao ya vyumba vya kupanga.

"Hodi hapa kwa mgonjwa!"

Alikuwa Mwalimu Jerop na wanafunzi wake. Malaria ya kurudi kila wiki ilikuwa imemtia hofu, naye akaona ni vyema darasa limtembelee mwenzao na kumwombea, kama desturi ilivyo. Mmoja alibeba mkate, mwingine machungwa, na Sumeya alishika kwa uangalifu trei yenye mayai yaliyobaki baada ya somo.

Mgonjwa alisimama mbele yao, mapovu yakimfika kwenye viwiko.

Wimbo ulikatika. Ashley akapaza sauti. "Kumbe malaria hufua nguo!"

"Ashley!" Jerop alimkemea, lakini kicheko kilikuwa kimeshawatoka wenzake.

Leonida alijifuta mikono kwa kanga. Uso ulikuwa ukimchoma. "Mwalimu, mmekuja kumwona mgonjwa au mmekuja kuangalia sufuria zangu?"

"Mama Musimbi, pole. Tuliambiwa kwamba—"

"Mama, wacha niseme," Musimbi alidakia. Hakuinamisha kichwa. "Mwalimu, sikuwa mgonjwa. Sikuwa na yai."

Hakuna aliyecheka tena. Shamsa, aliyekuwa amesikia yote akiwa mlangoni mwa duka lake, aliwaita watoto waje wanywe maji kwake. Jerop alibaki, akaketi juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa.

"Mama Musimbi, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nimeshindwa? Na wewe mbona hukuuliza? Ulimsimamisha mtoto wangu nje kama mbuzi aliyefumaniwa shambani."

Jerop alitazama chini. "Nilikosea," alisema. "Nilidhani ni uvivu. Niache basi nimnunulie vifaa mimi mwenyewe."

"La! Leo utamnunulia, kesho wataimba kwamba anasaidiwa na mwalimu. Heri akae hapa tufue."

"Akikaa hapa, Mama, hatapata alama. Na mimi sitaki kumpoteza. Niambie wewe, ni msaada gani utaukubali?"

Leonida hakutarajia kuulizwa hivyo. Aliangalia mapovu yakipasuka moja moja ndani ya beseni. Kisha akasema polepole, kana kwamba alikuwa akijisemea, "Kanisani kwetu kikapu cha sadaka hufunikwa kitambaa. Kila mtu anaingiza ngumi. Mwenye kitu, ngumi. Asiye na kitu, ngumi. Anayejua ni Mungu tu. Hapo, Mwalimu, sijawahi kuona haya."

Jerop aliinuka. "Jumatano ijayo, mlete Musimbi."

Wazo la kuleta kikapu cha kitambaa darasani, kila mtoto aingize ngumi, halikupokelewa kwa vigelegele. Katika chumba cha walimu, mmoja alimtania, "Mwalimu Jerop, hawa wataweka mawe, nawe utapika mawe." Jumatano ya kwanza kikapu kilipofunuliwa, ndani mlikuwa na vitunguu, unga wa kufunika tu kitako cha sufuria, na kizibo cha soda. Jerop alikitoa kile kizibo, akacheka, akapika uji mwepesi. Kila mtoto alikoroga na kila mtoto alionja. Hakuna aliyesimama nje.

Hakukata tamaa. Alimwendea mwalimu mkuu hadi akapewa kipande cha ardhi nyuma ya tangi la maji, na wanafunzi wakapanda sukuma wiki. Alimwendea Shamsa, naye akaanza kutuma mfuko wa unga kwa sharti moja: "Usinitaje, Mwalimu. Mimi pia ni ngumi." Wazazi walioweza waliongeza, nao wasioweza walialikwa kuja kuwasha moto na kuosha vyombo. Chakula kilipoiva, wanafunzi wote walikula, na walimu wakaanza kuona kwamba usingizi uliokuwa ukiwashika wanafunzi saa nane mchana ulikuwa njaa, si uvivu hata kidogo.

Musimbi hakuugua tena. Wiki moja ngumi yake ilikuwa tupu, nyingine ilificha majani ya kunde. Mkono wake ulianza tena kuinuka darasani.

Siku ya tathmini, Leonida aliomba ruhusa kazini. Alifika shuleni mapema, akawasha moto, na Jerop akamwomba ashike kikapu. Wanafunzi walipita mmoja mmoja, wakiingiza ngumi chini ya kitambaa, naye akawaambia wote, "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Akafika Ashley.

Ngumi yake ilikuwa imekazwa hadi mishipa ikamtoka. Leonida aliitambua papo hapo. Mkono uliobeba yai hulegea kidogo ili lisivunjike. Mkono mtupu ndio hukazwa namna ile. Baadaye angesikia kwa Shamsa kwamba duka la vipuri la baba yake Ashley lilikuwa limefungwa kabisa, lakini wakati huo hakuhitaji kuambiwa. Macho yao yalikutana. Ya mtoto yalikuwa yamejaa machozi, yakimsihi. Leonida alikumbuka malaria inayofua nguo. Neno moja tu lingetosha kulipiza.

"Asante, mwanangu," alisema kwa sauti ileile. "Mungu akuzidishie."

Ashley alijitenga, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"We Ashley, unaenda wapi?" Musimbi alimwita, unga ukiwa umemjaa puani. "Njoo ugeuze chapati, mimi huziunguza!"

"Hata mimi huziunguza," Ashley alijibu, akijipangusa macho.

"Basi tutaunguza pamoja. Njoo!"

Walipika, na Mwalimu Jerop akapita akionja na kuandika alama, za Musimbi na za Ashley pia. Chapati ya kwanza iliungua kweli. Zilizofuata zilitoka laini.

Jioni hiyo Mabonga alipiga simu. "Shemeji, mtoto hajakushinda bado?"

Leonida alimtazama binti yake aliyekuwa akimfundisha Sumeya hesabu mlangoni, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa bado imechubuka. Ila haikuwa peke yake tena.

"Hajanishinda, shemeji, na hatakuja huko," alijibu. "Siku ile ya matanga ulisema sitamweza peke yangu. Hapo hukukosea. Ulichokosea ni kudhani kwamba nitabaki peke yangu, kwa maana mkono mmoja haulei mwana."