Mpima Nafaka na Shanga za Mwambarani

Kaeni vizuri niwasimulie habari za mji wa Mwambarani, uliotawaliwa na Sultani Jaffari bin Sharafu, mwenye ngome ya mawe meupe na mabustani ya komamanga na farasi mia nne, na pamoja na neema zote hizo Mola hakumjaalia mtoto wa kiume, ila binti mmoja, Mwana Radhia, msomi wa vyuo na hodari wa hesabu. Nasema mapema kwamba hekaya hii ina jini na ina arusi na ina mali, kama inavyopasa, lakini anayetaka kuondoka hapa akicheka na atafute msimulizi mwingine, maana mimi kila nikiisimulia huniuma upya.

Sultani alipohisi mauti yanamkaribia aliwakusanya wakuu wa mji na kusema, "Kiti changu kisigombewe kwa upanga. Watu wote, wake kwa waume, wachague kati ya watatu: binti yangu Radhia, na Fumo Zubeiri jemadari wa jeshi, na Mshamu muuza ubani, ambaye sijapata kumsikia akigombana na mtu. Na wa kuhesabu na kutangaza awe Haliri, mpima nafaka, kwa kuwa miaka ishirini amepima sokoni na hakuna aliyemlalamikia." Akasema hayo, na siku ya tatu akafariki.

Huyu Haliri alikuwa mdogo wake Mshamu, na Mshamu ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipokufa kwa ndui. Watu walilijua hilo na hawakujali, kwa jinsi walivyomwamini. Na inafaa mjue desturi ya soko la Mwambarani: mpima haulizwi atatumia kipimo gani mpaka nafaka imwagwe mbele yake. Huitazama kwanza kama ni mbichi au kavu, kama ina makapi au safi, ndipo huamua kama atapima pishi ya kufuta juu au pishi ya kujaza hadi kilele. Ndivyo walivyofanya mababu zao, na mtu aliyedai kuambiwa kipimo mapema alihesabiwa kuwa hana adabu.

Basi siku moja asubuhi Haliri alikuwa akisugua pishi ya shaba ya zamani, na chini ya kutu akaukuta muhuri, na muhuri ukabanduka, na moshi ukatoka na kujaza ghala lote, na ndani ya moshi akasimama jini mwenye pembe moja, akasema, "Mimi ni Karkashi, niliyefungwa humu kwa kula nafaka ya mayatima. Umenifungua, nami ni mtumwa wako kwa safari nne. Sema uendako."

Wengine wangetaka migodi ya dhahabu. Haliri, maskini, alikuwa mtu mwema siku hiyo, akasema, "Nipeleke nikaone jinsi miji mingine inavyochagua watawala wake, nisije nikawadhulumu watu wangu."

Jini akambeba mgongoni na kumshusha katika mji ambao aliyepata watu wengi kuliko kila mmoja wa wenzake ndiye mtawala, hata kama wengi hawakumtaka. Mfinyanzi mmoja alimwambia, "Sita katika kumi tulimkataa, bwana, lakini sita wenyewe tulikuwa na wagombea wanne. Hata hivyo tulijua mshindi kabla ya chakula cha mchana, na leo hii hakuna anayebisha."

Safari ya pili akamshusha katika mji ambao mtu hutaja wa kwanza na wa pili na wa tatu moyoni mwake, na mgombea wa mwisho hutolewa, na waliomtaka huhamia kwa yule waliyemweka wa pili, mpaka apatikane mwenye zaidi ya nusu. Safari ya tatu akaona mji ambao kila aliyewekwa wa kwanza hupewa alama tatu, na wa pili mbili, na wa mwisho moja, na alama hujumlishwa, na huko mtawala alikuwa mtu ambaye hakuna aliyempenda sana wala aliyemchukia.

Safari ya nne akaona mji usio na kiti cha enzi, ila baraza la viti arubaini vilivyogawanywa kwa kadiri ya watu wa kila upande. Walikuwa wamebishana miaka miwili juu ya kuchimba kisima kimoja, lakini hakuna mtaa uliokuwa hauna mtu wa kuusemea. Haliri aliupenda mji ule akataka kukaa, ila kwao kulikuwa na kiti kimoja, na kiti kimoja hakigawanyiki.

Waliporudi akauliza, "Ewe Karkashi, kipi katika vipimo hivi ndicho cha haki?"

Jini akacheka hata mapakacha ya ghalani yakatikisika. "Vyote vina haki yake na vyote vina manung'uniko yake. Lakini kote nilikokupeleka kipimo kilitangazwa kabla ya kura. Chagua chochote utakacho, na ukitangaze kabla hujaona."

"Kwetu mpima huona kwanza," Haliri akajibu. "Ndiyo kazi yangu."

"Mtama haujui kama umepunjwa, ewe mwanadamu. Watu wanajua." Akasema hivyo na akatoweka, kwa kuwa safari zake zilikuwa zimekwisha.

Siku ya kura kila mtu alipewa uzi na shanga tatu: nyekundu ya Zubeiri, nyeupe ya Mwana Radhia, kijani ya Mshamu, azitunge kwa jinsi anavyopenda, na fundo liwe juu ya anayemtaka kwanza. Waziri akamuuliza Haliri mbele ya watu, "Utahesabu kwa njia gani?" naye akajibu, "Nileteeni kwanza nione," na umati wote ukaitikia kwa kuridhika, kwa kuwa ndiyo desturi. Nyinyi mnaonisikiliza mngepiga kelele hapo, najua. Wao walipiga vigelegele.

Akajifungia na mitungi ya shanga, na akahesabu kwa kipimo cha kwanza, na katika kila watu mia, arubaini na wawili walikuwa wa Zubeiri, thelathini na watatu wa Mwana Radhia, ishirini na watano wa Mshamu, basi Zubeiri ndiye sultani. Akahesabu kwa kipimo cha pili, Mshamu akatoka, na watu wake wote wakahamia kwa Mwana Radhia, basi yeye ndiye sultani. Akahesabu kwa alama, na kwa kuwa watu wa Zubeiri na watu wa Mwana Radhia wote walimweka Mshamu wa pili, Mshamu akawapita wote wawili.

Haliri akakaa chini. Shanga zilikuwa zilezile, na masultani walikuwa watatu.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa Mshamu, amebeba bakuli la uji wa mchele, akasema, "Mdogo wangu, tangu asubuhi hujatia kitu tumboni." Hakuuliza habari ya kura hata kidogo. Akalipitisha bakuli mlangoni akaenda zake, na Haliri akalia, na alipomaliza kulia akala uji, na alipomaliza kula akatoka na kutangaza kipimo cha tatu.

Fumo Zubeiri, ambaye jeshi lote lilimngojea anyanyue kidole tu, alivua upanga wake na kusema, "Kama Haliri ndiye aliyepima, nimeridhika." Mwana Radhia akainamisha kichwa na kusema vivyo hivyo.

Na Mshamu, semeni mtakavyo, alitawala vizuri. Alipunguza ushuru, alijenga mifereji, na alimpa mdogo wake nyumba ya ghorofa tatu na mashamba ya karafuu. Haliri akamposa Mwana Radhia, naye akakubali, na alipoulizwa na shangazi zake kwa nini, alijibu kwamba anataka kuishi na mtu mkweli. Arusi ikawa ya siku saba.

Miaka kumi na miwili ikapita na Mshamu akafa. Wazee wakaja kumwomba Haliri apime tena kama alivyopima mwanzo. Walipoondoka akamweleza mkewe yote.

"Kwa kipimo cha pili ningeshinda mimi?" Mwana Radhia akauliza.

"Ungeshinda wewe."

"Na Zubeiri kwa cha kwanza."

"Ndiyo."

"Nawe ulikuwa umeshaona."

"Nilikuwa nimeshaona, Mwana."

"Bwana, kushindwa na Mshamu kusingeniuma. Alikuwa mtu mwema, na hata mimi nilimweka wa pili. Lakini watu wangu walipokuja kulalamika niliwanyamazisha, miaka yote hii, nikawaambia ni Haliri huyo. Nitawaambia nini sasa?"

"Nitawaambia mwenyewe," akajibu, na kesho yake akasimama uwanjani akawaambia. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Watu walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakaondoka mmoja mmoja, na waliokuwa askari wa Zubeiri, aliyekwisha kufa shambani kwake, walikwenda kusimama kaburini pake.

Haliri akafanya basi lile alilopaswa kulifanya mwanzo. Alitangaza kipimo miezi mitatu kabla, akakiandika ukutani mwa soko kwa herufi kubwa, akaapa msikitini, akawaalika wagombea wote waweke watu wao wa kutazama. Mtu asiye na hila asingeona kosa katika mpango ule, na mimi mpaka leo sijauona.

Siku ya kura alifungua milango alfajiri na kukaa kando ya mitungi mitupu, na vikapu vya shanga vimejaa mbele yake. Jua likapanda, adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakatoka msikitini na kupita uwanjani wakielekea makwao. Kipimo kilikuwa cha haki, naye hakuwa na wa kumpimia.

Baada ya alasiri akamwona mtu mmoja anavuka uwanja kuja kwake, akasimama haraka, akachukua uzi, akatayarisha shanga tatu mkononi. Alikuwa mkewe.

Mwana Radhia aliutoa ule uzi mkononi mwake taratibu, akaurudisha kikapuni.

"Twende nyumbani ukale, Bwana," akasema. "Hawaji."