Mzinga ni Wako, Nyuki ni wa Mungu

"Mzinga ni wako, nyuki ni wa Mungu." Ndivyo Bibi Nyamizi alivyomwambia dada yangu Kabula siku alipoipiga ndoo teke mpaka mkono wa ndoo ukachomoka. Miche yake ya nyanya ilikuwa imenyauka yote, mara ya pili, na alikuwa ameimwagilia asubuhi na jioni bila kukosa hata siku moja.

"Bibi, mimi nasema nyanya, wewe unaniletea nyuki!"

"Kaa hapa umenye karanga, mke mwenzangu. Hiyo hasira yako bado changa. Ngoja nikueleze hasira iliyoizaa methali hii."

Nikaketi na mimi. Bibi akaanza.

Baba yangu mzazi aliitwa Mihambo. Kijijini kwetu hapakuwa na mtu aliyejua kuchonga mzinga kama yeye. Alipasua gogo la mninga, akalikomba ndani mpaka likawa laini kama bakuli, akalifunga tena, kisha akapaka nta mdomoni ili nyuki wavutwe na harufu. Kazi aliijua. Tatizo lake, alijua pia kwamba anaijua.

Mwaka huo nilikuwa nimeshachumbiwa. Enzi hizo kwetu, binti hakutoka nyumbani bila kibuyu cha asali ya nyuki wa kwao. Haikununuliwa, wala haikuombwa kwa jirani. Na moto wa porini ulikuwa umeteketeza mizinga yote ya baba. Shangazi wa mchumba wangu akaja akasema, "Tutasubiri mpaka msimu wa kurina asali. Msimu ukipita na kibuyu kitupu, tutabisha hodi kwingine." Mimi nilimpenda yule kijana. Ndiye babu yenu.

Baba akachonga mizinga kumi na miwili, akaitundika porini. Mama akamwambia, "Baba Nyamizi, na Mungu umemwomba?"

"Mungu hakunisaidia kushika shoka," baba akajibu. "Nimechonga mimi, nimetundika mimi, na asali nitairina mimi."

Mvua za kwanza zikanyesha. Miti ikachanua. Makundi ya nyuki yakapita juu ya vichwa vyetu yakivuma, yakaenda zake. Kila baba alipopanda kuangalia, alikuta buibui. Jirani yetu Nkwabi, mtu mvivu hata wa kufunga mlango wake, alikuwa ametundika mzinga mmoja tu, umepinda kama mguu wa mbuzi. Ukajaa nyuki ndani ya wiki moja.

"Nkwabi!" baba akapiga kelele, nyumba nzima ikasikia. "Nkwabi anayelala mpaka jua limchome nyayo! Nkwabi ndiye anapewa nyuki!"

Naye Nkwabi alikuwa na mdomo. Akapita uani akasema, "Jirani, labda mizinga yako ni mizuri mno. Nyuki wanaogopa kuichafua." Mama ndiye aliyeliwahi panga kabla baba hajalishika.

Tangu siku hiyo baba hakula vizuri. Aliongea peke yake, akiitazama mbingu kama mtu anayemtazama mdeni wake. Hatukuthubutu hata kukohoa.

Ndipo siku moja adhuhuri kundi la nyuki likatua kwenye tawi la chini, karibu na shamba letu. Baba hakungoja. Akaliingiza kundi zima kwenye gunia, akalimimina ndani ya mzinga wake bora kuliko yote, kisha akachukua udongo wa mfinyanzi akaziba mdomo. Akaziba kila ufa. Aliporudi uso ulikuwa umevimba, hana macho, lakini anacheka.

"Umeziba hata mlango wao?" mama akauliza.

"Wakitoka watakimbia. Watakaa humo mpaka waelewe kwamba ni kwao."

Siku ya kwanza mzinga ulivuma kwa ghadhabu, ukitetemeka. Siku ya pili ukavuma kidogo. Siku ya tatu ukanyamaza. Baba akasema, "Mnaona? Wamekubali." Siku ya nne akanichukua nikashuhudie ushindi wake. Akabandua udongo, akainamisha mzinga. Nyuki wakamwagika miguuni petu kama punje za mtama ulioungua. Walikuwa wamekufa wote kwa joto na kukosa pumzi.

Baba akabaki ameukumbatia mzinga. Mimi nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

"Baba, umewaua!"

"Nilikuwa nakutafutia asali yako!"

"Kila siku unasema ni mimi, mimi! Haya, hawa hapa, nyuki wako wewe, hakuna aliyekusaidia kuwapata. Sasa waambie waruke!"

Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Aliutua mzinga chini, akatazama juu, akasema kwa sauti ya mtu anayegombana, "Haya! Mzinga ni wangu, nyuki ni wako! Ukitaka lete, usipotaka acha. Mimi nimechoka!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sala ya kwanza niliyomsikia baba akiomba.

Wiki ya tatu baada ya hapo, nyuki walikuja. Hawakuingia kwenye mzinga hata mmoja kati ya ile ya mninga. Waliingia kwenye chungu kilichopasuka, ambacho mama alikitupa nyuma ya jiko.

"Chungu!" baba akanguruma. "Mizinga kumi na miwili, wao wanakwenda chunguni!" Akachukua gunia, akakisogelea. Mama na mimi tukafumba macho. Tulipofumbua, gunia lilikuwa chini, na baba ameketi mbali kidogo, mikono ameikalia kabisa isije ikagusa kitu. Akakaa hivyo mpaka jioni.

Msimu wa kurina ulipofika, chungu kilitoa kibuyu kimoja cha asali, hakikuzidi. Nikaolewa. Nkwabi alipocheka arusini kwamba fundi wa mizinga amemwoza binti yake kwa asali ya chungu, baba akamjibu mbele ya watu, "Cheka, lakini hata huo wako uliopinda hukuujaza wewe. Mzinga ni wako, nyuki ni wa Mungu." Watu wakalichukua neno hilo wakaenda nalo.

Bibi akapuliza maganda ya karanga. Kabula akainuka, akaokota ndoo, akaanza kuufunga mkono wa ndoo kwa kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Kusia mbegu nyingine." Akavuta kamba kwa nguvu. "Lakini bado nimekasirika, Bibi."

"Mwambie Mungu mwenyewe, baba yangu naye alimwambia. Ila ukishamwambia, mwachie."

Kabula akaenda mpaka kitaluni. Tulimwona amesimama muda mrefu, ndoo mkononi, midomo ikicheza. Kisha akainama, akasia, akamwagilia, akakipa kitalu kisogo. Alipopita mlangoni akasema, bila kumtazama mtu, "Mzinga ni wangu. Nyuki ni wa Mungu."