Sindano za Bibi Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia, Allah awarehemu, nami leo nawasimulia nikiwa na hasira, mnistahimilie. Katika mji mmoja wa Iraki ya zamani aliishi mcha Mungu akiitwa Bibi Lubaba, mshoni wa majoho. Alimlea mjukuu wake Umayma, yatima wa baba na mama, akamfundisha kushona hata watu wakawa hawajui joho lipi limeshonwa na bibi na lipi limeshonwa na mjukuu.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Bibi Lubaba aliijua sheria: mjukuu aliyefiwa na baba hana fungu la mirathi maadamu ami yake yu hai. Basi akamuusia. Akamwambia, "Mkasi wangu, subana ninayovaa kidoleni, na kijaluba cha sindano, hivi ni vyako. Ule kwa jasho lako, usimpigie mtu magoti." Kisha akamwita mwanawe Nawfal, ami yake binti, akamwambia vivyo hivyo. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Baada ya hapo akafariki, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jamani, hata matanga hayajaondolewa! Maji ya kumwoshea marehemu hayajakauka sakafuni, Nawfal akaingia chumbani akabeba mkasi, subana na kijaluba. Umayma akamwambia, "Ami, si ulimsikia bibi kwa masikio yako?" Akajibu, "Sikusikia kitu. Njoo ukae kwangu, umsaidie mke wangu jikoni."

Mmemsikia? Sindano hakuwa na haja nazo, hata kutunga uzi hajui! Alitaka mtumishi wa bure, na alijua kwamba binti mwenye sindano zake hatakuja. Tena mama yake mwenyewe ndiye aliyemuusia! Mtu wa namna hii unamwambia nini? Astaghfirullah, niacheni niendelee.

Umayma akaenda kwa kadhi, akilia kwa ghadhabu. Kadhi akamwita Nawfal aje na vile vyombo, kisha akamuuliza binti, "Mwanangu, una mashahidi?" Kabla hajajibu, jirani zake wawili, watu wazima wa kuheshimika, wakasimama. Mmoja wao, Mzee Zuhair, akasema, "Tulikuwepo sisi, na tulisikia."

Hawakuwepo. Waliingiwa na huruma tu, na mji mzima ulijua bibi alitaka nini. Nawfal akainamisha uso, akajua yamekwisha. Umayma alihitaji kunyamaza tu, arudi nyumbani na vyombo vyake.

Binti akamgeukia Mzee Zuhair. Akasema, "Mzee wangu, Allah akulipe kwa huruma yako, lakini usiape. Hamkuwepo. Bwana Kadhi, siku moja nilishona bitana ya joho kwa mishono ya kurukaruka, nikasema nani atachungulia huko ndani. Bibi aliifumua yote mbele ya mwenye joho, akamwomba radhi, akamwambia arudi kesho. Vyombo vya mtu kama yule sivichukui kwa uongo. Shahidi sina."

Kadhi akamgeukia Nawfal. "Mdai hana ushahidi, basi kiapo ni chako. Apa kwa Allah kwamba mama yako hakumuusia binti huyu, uende navyo."

Nawfal akafungua kinywa. Mtu aliyemnyang'anya yatima siku ya msiba, kiapo kingemshinda nini? Lakini alikuwa amemwona binti aliyedhulumiwa akikataa ushindi kwa kumwogopa Mola wake, na ulimi ukagoma. Akasema kwa sauti ndogo, "Siapi. Mama aliniambia." Akavitoa vyote.

Watu wakapiga takbira. Kisha, kama kawaida yetu, wakamzunguka binti: "Haya Umayma, msamehe ami yako! Sema umesamehe, yaishe!"

Akawaambia, "Moyo wangu unawaka. Nikisema nimesamehe, nitakuwa nimesema uongo hapa hapa nilipoukataa. Niombeeni dua. Siku nitakayomsamehe nitakwenda mlangoni kwake mwenyewe nimwambie." Wanasema alikwenda, lakini baada ya miaka mingi, na wala hakuna aliyemsukuma.

Enyi waumini, sisi ni hodari wa kumhimiza yatima asamehe. Aliyemnyang'anya tunamkaribisha safu ya mbele! Allah anasubiri kuuliza, na huko jirani hawatasimama kutusaidia. Basi ikiwa nyumbani kwako kuna kitu cha yatima, kiwe kitanda, kiwe jembe, iwe hata sindano moja, leo usinipe mkono baada ya darsa. Nenda kakirudishe kwanza.