Zimwi la Chunguni

Sogeeni. Mwenye kiu avumilie, chungu bado kiko jikoni. Sikilizeni kwa nini.

Hapo kale, kisima cha kijiji kimoja kilikaliwa na zimwi dogo kuliko punje ya mtama, lisiloonekana kwa macho. Maji yake yalikuwa maangavu na matamu. Mama mmoja, jina lake Sikudhani, aliyaonja kwanza, kama ilivyo desturi ya mpaji, kuonyesha hayana sumu, kisha akawanywesha wanawe watatu. Yeye hakudhurika. Watoto wawili waliharisha hadi kufa, akawazika.

Akabaki mtoto mmoja tu, Chakupewa, analia kiu. Sikudhani akawaza: mbona uji haujamuua mtu, nao hupikwa kwa maji yale yale? Akainjika chungu cha maji, akachochea moto.

Sauti ikatoka chunguni. "Mama, epua! Maji haya umeyaonja miaka yote!"

Akachochea.

"Mama, epua! Mtoto anakufa kwa kiu!"

Kweli, Chakupewa alikuwa amenyamaza, midomo imempasuka. Sikudhani akanyoosha mkono, akaurudisha. Akachochea.

"Mama, epua! Naungua!" Sasa ilikuwa sauti ya marehemu mwanawe wa kwanza.

Sikudhani akaangua kilio, na huku analia akasukuma kuni zote zilizobaki. Maji yakatokota, yakafurika, sauti ikakatika.

Akayaacha yapoe. Akaonja. Akamnywesha mwanawe tone kwa tone, mpaka akafumbua macho na kusema, "Mama, niongeze."

Haya, chungu chetu nacho kimepoa. Leteni vikombe. Aanze mdogo.