Mgeni wa Sikio la Kushoto

Hapo zamani za kale, wakati nyati walikuwa bado wanalala kitandani na kufunga milango yao kwa komeo, aliishi Nyati mmoja na mkewe, Mama Ndama, na mtoto wao wa pekee, Ndama. Sogeeni karibu. Na wewe uliyeanza kucheka, acha, maana hadithi hii inahusu kucheka, na kila nikiisimulia napandwa na hasira.

Nyati huyo alikuwa na nguvu. Akitembea, ardhi yalia ndi! ndi! Na kila asubuhi Shashi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, alitua mgongoni mwake, akadonoa kupe wote, kisha akahamia kwa Ndama. Hakuna aliyeugua katika nyumba ile.

Siku moja Kupe mmoja akaponea chupuchupu. Akakimbilia ndani kabisa ya sikio la kushoto la Nyati, mahali ambapo mdomo wa Shashi haufiki. Akatulia. Halafu akaanza kunong'ona.

"Psss! Bwana mkubwa!"

"Nani huyo?"

"Mtu anayekutakia heri. Jina langu la nini? Hebu niambie, Shashi anafanya nini mgongoni mwako?"

"Anakula kupe."

"Ha! Ndivyo walivyokwambia. Anasikiliza moyo wako, bwana! Akijua umechoka, anakwenda kumwambia Simba."

"Uongo!"

"Haya, mimi mwongo. Jioni mtazame anarukia upande gani. Kisha jiulize Simba analala upande gani."

Jioni Nyati akatazama. Purrr! Shashi akaruka kuelekea magharibi. Na Simba alilala wapi? Magharibi! Mti wa Shashi nao ulikuwa magharibi, tangu enzi za bibi yake, lakini hilo Nyati hakujiuliza.

Kesho yake Shashi alipotua tu, pwaa! Mkia ukamrusha hadi kwenye miiba.

"Kuna nini tena, baba?"

"Toka, mpelelezi wewe! Usitue kwangu, usitue kwa mwanangu!"

Nyati akaenda mtoni kuwaonya wenzake. Alikwenda kwa moyo safi, jamani, akihema kwa hofu. Akawaeleza yote. Punda Milia akamtazama Ngiri, Ngiri akamtazama Punda Milia, wakaangua kicheko. Kwa kwa kwa! Ngiri akajigaragaza matopeni. Kabla jua halijazama alikuwa ameshatunga wimbo:

"Nyati ee, Nyati,
moyo wako wasikilizwa,
wasema ndi, wasema ndi!"

Wimbo ukapendwa. Watoto wakauimba njiani. Punda Milia akatoa amri kwamba Nyati asimame mbali na wenzake akija kunywa, maana wazimu huambukiza. Hata Nguchiro, mdogo wa mwili na mwepesi wa akili, rafiki wa Nyati tangu utotoni, alicheka siku ile mpaka akashika mbavu.

Nyati akarudi nyumbani kichwa chini. Na nani alikuwa akimngoja? Yule yule.

"Psss! Umeona? Wangekucheka kama usingewagusa penye kidonda? Wote lao moja na Shashi. Umebaki na mimi tu."

"Kweli," akasema Nyati. "Nimebaki na wewe tu."

Hapo ndipo ninapokasirika! Kupe alikuwa amemshika sikio moja tu. Lile la pili walimkabidhi marafiki wa Nyati wenyewe, kwa kicheko.

Miezi mitatu ikapita. Kupe akaita ndugu zake, ndugu wakaita mashemeji, na wote wakahamia kwa Ndama. Mtoto akakonda. Shingo ikalegea, macho yakafifia. Mama Ndama akalia, "Mume wangu, mwite Shashi, mtoto anatufia!"

"Shashi na wenzake ndio wanaomroga kutoka mbali," akasema Nyati, kwani ndivyo alivyoambiwa. Akasimama mlangoni na pembe zake, usiku na mchana, akimlinda mwanawe dhidi ya tabibu wake.

Mchana mmoja wa jua kali, Nguchiro alimwona Mama Ndama mtoni na ndoo yake. Mama huyo alipofika, wengine wote walisogea kando, kana kwamba ananuka. Nguchiro akamfuata.

"Shemeji, habari za nyumbani?"

"Leo ndio unauliza?" Mama Ndama hakumtazama. "Ndama hajasimama, leo siku ya nne."

Nguchiro akaona aibu mpaka mkiani. Jioni ile ile akaenda kwa Nyati.

"Hodi!"

"Nani? Kama umekuja kucheka, cheka huko huko nje!"

"Nimekuja kula."

Nyati hakutarajia hilo. Aliweza kuamini mambo ya ajabu, lakini kumnyima mgeni chakula, hapana. Komeo likafunguliwa. Mama Ndama akaleta sinia la majani machanga yaliyopikwa kwa tui. Nguchiro akanawa mikono, akaketi, asiseme neno lolote juu ya Shashi.

"Nilikucheka," akasema. "Nilikosea. Nisamehe, ndugu yangu. Sasa nieleze, habari hizi unazipata kwa nani?"

"Nina mgeni wangu. Yumo humu," akasema Nyati akigusa sikio la kushoto. "Mwezi wa tatu huu. Hataki malipo wala shukrani."

"Miezi mitatu!" Nguchiro akaruka. "Na hajala? Lo, Nyati! Mgeni wa miezi mitatu umlaze na njaa? Watu watasemaje? Mkaribishe sasa hivi!"

Nyati akaona haya kweli. "Ee mgeni wangu," akaita, "toka ule nasi."

"Nimeshiba," akajibu Kupe kutoka ndani.

"Jana je?" akauliza Nguchiro.

"Jana pia nilishiba."

"Kwa jirani gani?"

"Mimi... mimi nafunga!"

"Alaa! Na jioni hufuturu?"

"Mimi nafunga moja kwa moja!"

"Maskini! Basi utakuwa umekonda kama uzi," akasema Nguchiro. "Lakini Nyati, mbona sikio lako la kushoto limelala hivyo? La kulia limesimama. Uzito huo wa nani?"

Nyati akatikisa sikio la kulia. Likaenda pepe, pepe. Akatikisa la kushoto. Likabaki pale pale.

Akaligusa tena sikio lile. Kisha akauliza, taratibu sana, "Mgeni wangu, umekuwa ukila nini nyumbani kwangu?"

"Usimsikilize huyo! Nguchiro ni mmoja wao! Ni..."

"Nimekuuliza unakula nini!"

Kupe akataka kutoroka, lakini tumbo lilikuwa limejaa kiasi kwamba miguu haikugusa chini. Nyati akainamisha kichwa. Nguchiro akaingiza mkono, akavuta. Po! Kupe akaangukia kwenye sinia, amevimba kama mbegu ya mbarika, anabiringika katika tui.

"Damu hiyo ya nani?" akauliza Nyati.

"Yako," akasema mkewe. "Na ya mwanao iko kwa ndugu zake."

Kupe akafungua kinywa kunong'ona. Nguchiro akamdaka. Kwachu! Kwisha.

Nyati akambeba Ndama mgongoni, akaenda mbio hadi mtoni, ndi! ndi! ndi!, akapaza sauti mbele ya wote, "Shashi! Nilikukosea! Njoo umwokoe mwanangu!"

Shashi akatua. "Mkia wako uushike," akasema, "miiba ile ingali inaniwasha." Akawaita dada zake, wakaanza kazi. Twa, twa, twa.

Na wale wengine? Wakaanza tena! Ngiri akachekelea, "Si tulikwambia! Si tulikwambia!" Mmoja akaanzisha wimbo.

Mama Ndama, aliyewafuata mbio na ndoo yake, akaitupa chini. Ng'aa!

"Mlimwambia nini?" akafoka. "Semeni! Miezi mitatu mtoto wangu anaisha, nanyi mkatunga wimbo! Kupe alikuwa mwongo, lakini hata siku moja hakumwacha mume wangu peke yake. Nani kati yenu alipiga hodi mlangoni kwangu?"

Ngiri akatazama matope. Punda Milia akatazama kwato zake. Nguchiro mwenyewe akainamisha kichwa, maana alipiga hodi, lakini alichelewa.

Hapo Ndama akafumbua macho. "Mama," akasema, "nataka maji."

Na Punda Milia, aliyetoa amri ile, akaiokota ndoo mwenyewe akaenda kumchotea.

Basi, wanangu, shikeni hili: ukimcheka aliyedanganywa ukamwacha peke yake, umemfungulia mwongo mlango.