Kaa la Moto Chini ya Kigae

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na moto.

Moto wa nani?

Hapo mnyamaze, maana hapo ndipo watu wa Mkokoni waliponyamaza. Na wewe Saumu, mwache huyo paka unisikilize. Hadithi hii si ya kuchekesha.

Basi, Mkokoni kilikuwa kijiji cha wapika chumvi. Walichota maji ya pwani, wakayachemsha vyunguni mpaka yakakauka, wakakomba chumvi. Watu wa milimani walishuka na mtama, wakapanda na chumvi. Kila nyumba ilikula ikashiba.

Lakini walikuwa na mwiko mmoja. Kila Siku ya Mwaka ilipofika, moto wote ulizimwa. Siku saba hakuna chungu kinachochemka wala moshi unaofuka. Watu walikula ndizi mbivu na tende, wakanywa maji baridi, na wenye kunung'unika walinung'unika kwa sauti ndogo. Siku ya nane Bi Mashavu, mpekecha moto wa kijiji, alipekecha vijiti vyake mpaka moto mpya ukashika. Kila nyumba ikaja kwake na kigae kuchukua kaa.

Wazee walisema kwamba chini ya meko linalala zimwi. Ardhi ikipoa siku saba, zimwi huendelea kulala. Watoto wao waliamini. Wajukuu wakaanza kuuliza kama zimwi lenyewe kuna mtu aliyeliona.

Basi, Bi Mashavu alikuwa na jirani, jina lake Mwanakombo. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja wa makuti. Walikula pamoja, wakisukana nywele, wakiitana somo, yaani rafiki wa moyoni. Mwanakombo hakuwa mtu mbaya. Ningependa kuwaambia alikuwa mbaya, ingekuwa rahisi kwangu na kwenu.

Siku moja, ikiwa kesho ni Siku ya Mwaka, Mwanakombo alikuwa na vyungu vitatu vinavyokaribia kukauka. Watu wa milimani walikuwa njiani. Akaona akizima moto, kazi ya siku zote hizo itakwenda bure. Akatoa kaa moja mekoni, akalifunika kwa kigae uani, akazima mengine mbele za watu.

"Kaa moja tu," akajisemea.

Siku ya tatu, mchana, akiwa uani anapuliza kaa lake, majivu yakatikisika. Kikatoka kijizimwi, kidogo kama paka mchanga, chekundu, macho kimeyafumba.

"Bibi, joto lako limeniamsha," kikasema. "Nipe kijiti kimoja. Nipe kidogo, nikupe kingi, nikishiba nitalala."

Kikombe cha maji kilikuwa pale pale, karibu na goti lake. Angekimwaga tu, hadithi ingeishia hapo, nanyi mngekuwa mmeshalala. Lakini Mwanakombo akatoa kijiti. Kijizimwi kikala, kikapumua juu ya vyungu, na chumvi ikawa tayari kabla hajashika upawa.

"Usimwambie mtu," kikasema. "Ni wewe peke yako."

Siku ya nane Mwanakombo akachukua kigae chake, akaenda kwa Bi Mashavu kuomba kaa kama wenzake, huku nyumbani kwake moto unawaka. Bi Mashavu akampa la kwanza, lililo jekundu kuliko yote, kwa kuwa ni somo yake. Mwanakombo akalipokea, na njiani hakuweza kulitazama.

Mwaka wa pili zimwi likawa kama mbuzi. Halikutaka kijiti, lilitaka magogo. "Nipe kidogo, nikupe kingi, nikishiba nitalala." Mwanakombo akatoa. Mwaka wa tatu halikutoka tena, lilikuwa limejaa chini huko, likatoa mdomo tu mekoni. Sasa lilitaka mikoko. "Nipe kidogo, nikupe kingi, nikishiba nitalala." Mwanakombo akaenda pwani na shoka, akashangaa kukuta mikoko mingi imeshakatwa. Hakujiuliza na nani.

Basi, nchi ikaanza kuchemka. Mvua ya kupandia haikuja. Ilipokuja, ilikuja yote kwa siku moja, ikachukua mbegu na udongo wake. Bahari, iliyokuwa ikizuiwa na mikoko, ikapanda. Ikachukua kwanza mashamba ya minazi, ikachukua safu ya nyumba za mbele, ikachukua makaburi ya wazee. Mbuzi wakafa kwa joto, kisha wazee, kisha wiki moja wakazikwa watoto watatu. Na visima vikawa vya chumvi. Watu wa Mkokoni walikuwa na chumvi mpaka juu ya dari, na hawakuwa na maji ya kupikia uji.

Jumbe, mkuu wa kijiji, akaitisha baraza. Akasema mwiko umevunjwa, zimwi limeamka.

"Moto wa nani?" akauliza.

Kimya. Mwanakombo akanyamaza.

Jumbe akauliza mara ya pili. Mwanakombo akanyamaza.

Mara mtu mmoja nyuma akasema moto wote wa kijiji unatoka mkononi mwa Bi Mashavu, na kama moto una ubaya basi ubaya ni wake. Wenzake wakadakia upesi mno. Wakasema ni mchawi. Wakasema afukuzwe. Jumbe akauliza mara ya tatu kama kuna mwenye neno jingine, na macho ya Bi Mashavu yakaja taratibu mpaka kwa somo yake.

Mwanakombo akanyamaza.

Basi, wakamtoa Bi Mashavu jua likiwa utosini, na kibuyu kitupu, maana nani angempa maji? Mwanakombo akarudi nyumbani akakaa karibu na moto wake. Ndani ya mtungi yalibaki maji matamu kidogo, aliyoyaleta binti yake kutoka milimani. Akainua kata anywe. Akairudisha. Akanyanyuka, akamimina maji yote kibuyuni, akatoka mbio.

Alimkuta kwenye visiki vya mikoko, ameketi, midomo imepasuka, hana hata kivuli cha kujifunika. Akapiga magoti.

"Somo, moto ni wangu," akasema. "Nilificha kaa, mwaka huo wa kwanza. Nikaja kwako na kigae nikakudanganya. Leo nimekuacha ukabebe ubaya wangu."

Bi Mashavu akanywa kwanza. Akanywa mpaka akaweza kusema.

"Nilijua," akajibu. "Mtu ambaye jiko lake lina baridi siku saba huja kuchukua kaa mbio. Wewe ulikuja taratibu. Mwaka wa pili wakaja wengi taratibu. Mwaka huu hakuja hata mmoja mbio. Nikasema nisikuaibishe, utasema mwenyewe. Na mimi hilo ni kosa langu."

Wakarudi wameshikana, maana mmoja hakuweza kutembea. Mwanakombo akasimama mbele ya baraza, watu hawajatawanyika bado.

"Jumbe uliuliza moto wa nani. Ni wangu."

Watu wakamtazama. Akangoja mawe. Badala yake, mke wa jumbe akainua mkono. "Na wangu," akasema, akalia. Mvuvi mmoja akasema wake pia. Yule aliyepiga kelele kule nyuma akasema wake, sauti haitoki. Ikawa mtu mmoja mmoja, mpaka jumbe mwenyewe akashusha kilemba chake usoni, akasema alikuwa na makaa matatu. Zimwi lilikuwa moja, lakini lilikwenda kila uani, likamwambia kila mmoja: ni wewe peke yako.

Wakachukua maji ya bahari yaliyokuwa mlangoni, wakazima. Safari hii wakazima kweli. Ardhi ikanguruma, zimwi likatokea pwani, kubwa kama kilima, likizomea.

"Nipeni kidogo," likasema.

Hakuna aliyetoa. Siku saba hakuna aliyetoa, wala siku sabini. Wakala ndizi, wakala vyakula vibichi, wakanung'unika kwa sauti kubwa, lakini hawakutoa. Likapungua, likawa kama nyumba, likawa kama ng'ombe. Hapo likakoma kupungua. Halikurudi ardhini.

Mwanakombo akaliendea na kikombe cha maji. Akalimwagia. Likacheka.

"Siku ile, bibi," likasema. "Kilikuwa karibu na goti lako."

Basi, bahari haikurudi nyuma, ila haikupanda tena. Visima vilibaki vya chumvi mpaka leo. Tangu siku hiyo moto wa Mkokoni ukawa wa kupimwa, na kila nyumba ikapanda mikoko. Mwanakombo alitembea milimani kila siku kuchota maji, na mtungi wa kwanza aliuweka mlangoni kwa Bi Mashavu. Bi Mashavu aliupokea, akasema ahsante. Alimsamehe, alisema hivyo mbele za watu. Lakini mpaka wanazikwa hakumwita tena somo. Alimwita Mwanakombo.

Na zimwi lingali pale kwenye visiki, limejikunyata, linangoja. Akipita mtoto na kijiti mkononi, linamwambia kwa upole kwamba ni yeye peke yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, palipoishia maji matamu. Funzo lake ni hili: moto mdogo wa kila mtu ni moto mmoja mkubwa, nao huzimwa ungali mdogo. Na mwenye kosa aseme mapema, mwenzake akiwa bado ndani ya kijiji.

Saumu, kabla hujalala, nenda jikoni. Inua kile kigae, utazame kama nimezima.