Somo wa Binti Shekiondo

Haya, anayetafuna muwa atulie, maana nikimaliza mtanijibu ninyi.

Huko milimani walikuwepo wanawake watatu wenye magari ya umeme. Mwantumu alijaliwa ulimi, Sikudhani ukarimu, na Tausi, fundi, jicho. Wakikutana na mtu, salamu mbili tu, mara gari la umeme! Watu walishawachoka.

Shekiondo, dereva, hakuwa na hamu ya kuongea na mtu. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani, gari limekaukiwa petroli katikati ya mlima. Sasa mkewe Hadija alikuwa na mimba tena, na petroli imeadimika wilaya nzima. Maskini, hali wala halali.

Mwantumu alimfuata kibarazani. "Umeme na mvua hizi, si nitaungua?" Shekiondo akafoka. "Shemeji, mimi mbona niko hai?" Akaongea naye hadi hofu ikamtoka.

Sikudhani alimpa funguo za gari lake. "Kaa nalo mpaka mkeo ajifungue. Mimi nitatembea." Na magoti yake yale mabovu, akatembea kweli.

Tausi alipanda naye, akamwona anateremka kaweka frii, gia kaitoa, kama madereva wote wa huko wanavyobana petroli. "Wee! Hili likiteremka kwenye gia linajichaji. Ukiweka frii umeutupa umeme!" Shekiondo akanuna, lakini alisikia.

Uchungu ulimshika Hadija asubuhi ya mvua. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na betri ilikaribia kwisha. "Mume wangu, na huyu ataniponyoka!" Hadija alilia. Mkono wa Shekiondo ukaenda wenyewe kwenye frii. Akamkumbuka Tausi, akaurudisha. Aliteremka mlima mzima akimlilia Mungu, macho kwenye kipimo cha betri, na gari likazima getini kwa hospitali.

Mtoto wa kike alizaliwa mzima. Hadija alivuja damu, kizazi kikatolewa.

Huko kwao, aliyemwokoa mtoto ndiye somo wake. Mtoto huitwa jina lake. Siku ya jina wote watatu walifika.

"Bila maneno yangu asingeligusa gari lenyewe," alisema Mwantumu.

"Bila gari langu angeteremka na nini?" alisema Sikudhani.

"Bila mimi lingezima mlimani," alisema Tausi, "palepale alipofia yule wa kwanza."

Shekiondo akaangua kilio mbele za watu.

Watatu hao wamenyoosha mikono wapakatishwe. Mtoto ni mmoja, na Hadija hatazaa mwingine. Je, wewe ungemweka mapajani mwa nani?